Nyanya zikinyauka kipindi cha jua kali: tafuta chanzo kabla hujanunua dawa

Kuanzia Desemba hadi Machi, vuli ikishakatika na jua la kaskazi likikaa utosini, swali linalonifikia kuliko mengine yote ni hili: "Nyanya zangu zimelala, nipige dawa gani?" Wa Pwani huziita tungule, lakini uchungu wa moyo ni uleule. Umetunza miche tangu kitaluni, umeisimika, imeanza kufunga matunda, halafu unafika shambani saa 8 mchana unaikuta imeinamisha vichwa.

Sijibu swali la dawa kabla sijapata majibu ya maswali yangu matatu. Inalala saa ngapi? Imeanzia wapi shambani: huku na kule, mstari mmoja, au kule maji yanakoishia? Na je, umeshachomoa mche mmoja ukatazama mizizi? Wengi hawajachomoa. Wanaona uchungu kuupoteza. Nawaelewa, lakini mche mmoja uliochomolewa leo huokoa mia mbili, na nyanya nyingi zilizonyauka hazina ugonjwa wowote unaotibika kwa bomba la mgongoni.

Inalala mchana, jioni inainuka

Hili ndilo linaloripotiwa zaidi, na mara nyingi si kosa la mtu. Jua likiwa kali na upepo mkavu unavuma, majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hata kama udongo una unyevu. Mmea hulegeza majani ili jua lisilipige bapa lote. Jioni hewa ikipoa unajazwa tena na kusimama.

Kipimo chake hakina gharama. Pita shambani saa 12 asubuhi, kabla jua halijachomoza sawasawa. Ukiukuta umesimama wima, majani yamekaza, bado una nafasi. Ingiza kidole au kijiti kwenye udongo hadi sentimita 10 hivi. Kukiwa na ubaridi na udongo unashikamana ukiufinya, usiongeze maji. Kumwagilia mmea kila unapolegea mchana kunaufundisha kuweka mizizi juujuu, na mwezi unaofuata utalala zaidi.

Ukilazimika kumwagilia mchana kwa mpira, mwaga kwanza maji yaliyokuwa yamelala ndani ya mpira juani. Yashike kwa mkono uone. Yale yanaunguza miche michanga.

Kinachosaidia kweli ni matandazo: nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha uwazi wa kiganja kuzunguka shina. Udongo uliofunikwa hubaki na ubaridi na haukauki upesi. Mahali penye mchwa kagua chini ya matandazo kila wiki.

Angalizo moja kubwa: mnyauko wa bakteria nao huanza hivihivi, kwa siku 2 au 3 za kulala mchana na kuamka usiku. Tofauti ni kwamba joto hulaza shamba zima kwa pamoja. Mche mmoja au miwili inapolala wakati jirani zake wa pande zote wamesimama, usiseme ni jua. Ruka hadi sehemu ya glasi ya maji hapo chini.

Asubuhi bado imelala, na udongo ni mkavu

Kiu, basi. Ila nimeona watu wanaoapa kwamba wanamwagilia kila siku, nao hawasemi uongo. Mama mmoja jirani yangu alikuwa akibeba keni tangu alfajiri, na tuta lake kwa juu limelowa tepetepe. Nilimwomba panga, nikachimba pembeni ya mche. Sentimita 4 za juu zilikuwa tope. Chini yake vumbi, kavu kama la barabarani. Alinyamaza, akaniambia, "Kumbe nimekuwa nikinywesha vumbi, mwanangu."

Chimba namna hiyo saa moja baada ya kumwagilia. Mizizi mingi ya nyanya iko ndani ya sentimita 30 za kwanza, na maji yafike huko. Kama hayafiki, mwagilia polepole kwa awamu mbili: ya kwanza ilainishe udongo, subiri uinywe, kisha rudia. Kwenye mfinyanzi ni afadhali maji mengi kila baada ya siku 2 au 3 kuliko kidogo kila siku. Kichanga cha Pwani hakihifadhi maji, kwa hiyo huko kidogo kidogo mara nyingi ni sahihi, na samadi iliyoiva ndiyo itakayobadilisha udongo wenyewe.

Kwa wenye umwagiliaji wa matone, tembea mstari mzima mfumo ukiwa wazi. Matundu huziba kwa mchanga na chumvi, na mche mmoja unakufa kwa kiu katikati ya wenzake walioshiba. Fungua mwisho wa mpira, acha maji yatoke kwa nguvu hadi yawe meupe, kisha safisha chujio.

Wanaopanda kwenye ndoo na mifuko wana tatizo lao: udongo ukikauka kabisa hujitenga na ukuta wa chombo, maji yakapita pembeni na kutoka chini bila kugusa mizizi. Chovya chombo kizima kwenye beseni la maji kwa dakika 20 hadi 30.

Ushahidi mwingine wa maji yasiyo na mpangilio ni matunda yenye kitako cheusi, kilichobonyea kama ngozi. Ukiona hilo pamoja na kunyauka, rekebisha ratiba ya maji kwanza, kabla ya jambo lolote jingine.

Udongo umelowa, mche umelala

Hapa ndipo huruma inapoua. Mtu anaona mche umelala, anaongeza maji. Unalala zaidi, anaongeza tena. Mizizi nayo inahitaji hewa, na ikizama kwenye maji siku kadhaa inaoza na kushindwa kuvuta hata yale maji iliyozama ndani yake.

Chomoa mmoja. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa na inakaza ukiivuta. Iliyooza ni ya kahawia, inanuka kama dimbwi, na ganda la nje linavuka mkononi na kubakiza uzi katikati. Acha kumwagilia, chimba mifereji ya kutoa maji, na vunja ukoko wa juu kwa upole bila kukata mizizi iliyobaki. Msimu ujao panda juu ya matuta ya sentimita 20 hadi 30. Kama udongo umelowa na mizizi ni mizuri, endelea sehemu inayofuata leo hiihii.

Mche wa kijani kabisa umelala ghafla na hauinuki

Huu ndio ninaouogopa kuliko wote: mnyauko wa bakteria, unaoletwa na *Ralstonia solanacearum*. Jani halipati manjano wala doa. Mche ulikuwa mzuri jana, leo umelala kama uliomwagiwa maji ya moto, na bado ni wa kijani. Vidudu hivi huishi udongoni, huingia kupitia majeraha ya mizizi, kisha huzaliana ndani ya mirija inayopandisha maji hadi kuiziba. Hustawi joto likiwa kati ya nyuzi 27 na 35 na udongo ukiwa na unyevu, yaani shamba la umwagiliaji katikati ya kiangazi.

Kipimo cha glasi kila mkulima wa nyanya akijue. Chukua mche ulioanza kunyauka lakini haujakauka. Kata kipande cha shina cha sentimita 10 hivi kutoka karibu na udongo. Jaza maji safi kwenye glasi inayoonyesha, kisha ning'iniza kipande hicho ili ncha ya chini iguse maji. Mimi hukibana kwa kijiti kilicholala juu ya mdomo wa glasi. Usitikise, na weka kitambaa cheusi nyuma. Kama ni bakteria, ndani ya dakika 3 hadi 5 utaona nyuzi nyeupe zikishuka kutoka pale ulipokata, taratibu, kama moshi wa ubani uliogeuzwa kichwa chini. Baada ya muda maji yote yatakuwa na ukungu kama yaliyooshewa mchele. Maji yakibaki safi bila nyuzi baada ya nusu saa, elekeza shaka kwingine.

Mara ya kwanza kuziona nyuzi hizo nilikuwa nimeshachelewa. Miche minane ilikuwa imelala upande wa juu wa shamba langu, nami nikaamini ni kiu. Nikafungua mtaro, maji yakapita kwenye ile minane na kuteremka kwa mingine. Duka la pembejeo likaniuzia dawa ya ukungu, nikapiga mara mbili. Zaidi ya wiki mbili baadaye, mistari yote iliyokuwa inakunywa kutoka mtaro ule ilikuwa imelala, na mistari ya mtaro wa pili imesimama. Maji yangu mwenyewe ndiyo yaliyobeba ugonjwa. Tangu hapo silaumu mtu anayenijia akiwa amechelewa, ila nasema kwa sauti: mche ukilala ghafla, funga maji ya mstari huo kwanza, uliza baadaye.

Mche ulioambukizwa hauponi. Dawa za ukungu haziuamshi, mrututu (dawa ya shaba) hauuamshi, na hata ukisikia jirani amepiga viuavijasumu vya mifugo, usifuate. Linalowezekana ni kulinda iliyobaki. Ng'oa mgonjwa pamoja na udongo wa mizizi yake, uweke moja kwa moja ndani ya gunia, wala usiuburute shambani. Usiupeleke kwenye mboji; ukaushe mbali na shamba, uuchome. Maji yasipite tena pale. Kazi za kila siku, kufunga kamba, kupogolea, kuvuna, zianzie kwenye miche mizima na kuishia upande wa wagonjwa, kamwe usirudi kinyume. Jembe, kisu na buti vioshwe udongo wote, kisha vipitishwe kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa maji vipimo 9. Suuza chuma baadaye kisishike kutu.

Eneo hilo lisipandwe nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu, viazi mviringo wala tumbaku kwa angalau miaka 3. Karanga na tangawizi nazo zinaweza kushikwa. Weka mahindi, mtama, kabeji au vitunguu. Na mnavu unaojiotea wenyewe ung'oe, kwa maana huo ni ndugu wa nyanya na humhifadhi mdudu huyu wakati shamba linapumzika.

Manjano yanapanda kutoka chini, pengine upande mmoja tu

Huu huenda polepole, kwa wiki. Majani ya chini yanageuka manjano, wakati mwingine nusu moja ya jani au upande mmoja wa mche, ndipo kunyauka kunafuata. Chanzo cha kawaida ni mnyauko fusari, ukungu wa udongoni. Maeneo ya baridi ya milimani huwa ni vertisili, ukungu mwingine wa udongoni.

Chana shina kwa urefu karibu na mizizi. Ukikuta mistari ya kahawia chini ya ganda na kiini cha katikati bado ni cheupe, ni ukungu wa mirija. Kwenye bakteria kiini nacho huoza na kupata rangi, na glasi hukupa nyuzi. Huu pia hauna tiba ukishaingia, ila hauenei kwa kasi ileile, na mara nyingi utavuna kiasi fulani.

Ukombozi uko kwenye pakiti ya mbegu. Soma zile herufi ndogo kando ya jina: V ni vertisili, F au Fol ni fusari, N ni minyoo fundo wa mizizini (wengine huandika Ma, Mi, Mj), na Rs ni mnyauko wa bakteria. Mbegu yenye F haizuii bakteria. Nimeona watu wakilia juu ya mbegu ya bei ghali iliyokufa, kumbe walinunua kinga ya ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Mche unadumaa, unalala mchana hata udongo ukiwa na maji

Kama hali hii iko kwa mabaka shambani na miche imepauka, chimba mizizi kwa jembe, usiivute, maana ushahidi utabaki udongoni. Ioshe. Vinundu vilivyovimba kwenye mzizi wenyewe, kama shanga zilizotungwa, ni kazi ya minyoo fundo. Usivichanganye na vinundu vya maharage, ambavyo vimebandikwa pembeni na ukivigusa vinabanduka.

Msimu huu utaisaidia kwa maji ya mara kwa mara, matandazo na mboji, ivune inachoweza. Baada ya mavuno ng'oa mizizi yote, ichome, lima na uache udongo upigwe na jua kali, kisha panda bangi mwitu, lile gugu lenye harufu kali ambalo mizizi yake hupunguza minyoo hawa. Majeraha ya minyoo ndiyo milango ya bakteria, kwa hiyo mabaka haya usiyadharau.

Tatizo liko pale shina linapogusa udongo

Inamisha kichwa, fukua kidogo, utazame. Utando mweupe kama pamba na vipunje vya kahawia vyenye ukubwa wa mbegu za haradali ni ukungu wa shina. Ng'oa mche pamoja na udongo uliouzunguka na usogeze matandazo mbali na mashina mengine. Miche michanga iliyonyong'onyea na kuwa myembamba kama uzi pale chini ina kinyausi: punguza maji kitaluni, punguza msongamano, ruhusu hewa. Shina lililokatwa kama kwa mkasi usiku ni kazi ya sota, kiwavi wa udongoni; fukua sentimita chache asubuhi, utamkuta amejikunja kama duara. Mchwa huacha udongo uliojengwa juu ya shina. Fuko huacha mizizi ikining'inia ndani ya tundu, na ukikanyaga karibu na mche ardhi inabonyea.

Ilianza baada ya mbolea au dawa

Hesabu siku nyuma. Mbolea ya chumvichumvi iliyomwagwa kwenye shina huunguza mizizi, na mche unalala ndani ya siku chache, kingo za majani zikikauka. Kipimo cha kizibo kimoja cha soda cha CAN (mbolea ya kukuzia) kwa mche kinatosha, kikae sentimita 10 kutoka shinani, udongo uwe na unyevu. Ukishazidisha, ondoa punje zinazoonekana na mwagilia kwa wingi ili kuisukuma chini. Samadi mbichi nayo inaunguza vilevile.

Ukoko mweupe juu ya udongo, hasa kwa wanaotumia visima vya Pwani, ni chumvi. Onja maji, kama ulimi unaikamata, nyanya zimeikamata zamani.

Na kama majani machanga yamekuwa membamba kama nyuzi, vikonyo vimejipinda kuelekea chini, uliza bomba lilitumika wapi mara ya mwisho. Dawa ya magugu ya 2,4-D, ile ya mahindi na mpunga, huharibu nyanya kwa kiasi kidogo mno, hata mabaki ya bomba lisilooshwa vizuri au upepo kutoka kwa jirani. Bomba la magugu liwe la magugu tu.

Tawi moja limelala, mche mzima uko sawa

Tazama kamba kama imekaba, kisha tafuta tundu dogo lenye kinyesi cheusi kwenye kikonyo au ncha: ni kantangaze, kiwavi wa Tuta absoluta. Kata tawi chini ya tundu, lizike au lichome.

Acha, mwite mtaalamu

Mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata yako kama glasi imetoa nyuzi nyeupe, kama miche inayolala inaongezeka kila siku ingawa umefunga maji, au kama umepiga dawa mbili bila kujua unatibu nini. Usipige ya tatu. Usichanganye dawa mbili ndani ya bomba moja kwa kukisia, na usinunue dawa ya minyoo iliyopimwa kwenye mfuko usio na lebo. Baadhi ya zinazouzwa hivyo ni sumu kali kwa binadamu. Aliyepiga dawa akianza kutapika, kutokwa jasho jingi, kuona ukungu machoni au kupumua kwa shida, aondolewe shambani na kufikishwa hospitali mara moja, na lebo ya dawa ibebwe.

Sampuli ya maabara iwe mche mzima ulioanza kunyauka, sio uliokufa. Uchimbe na udongo wake, funga mizizi ndani ya mfuko wa nailoni, sehemu ya juu izungushie gazeti kavu, usiuache juani, na ufike ndani ya siku moja au mbili. Andika kwenye karatasi aina ya mbegu, tarehe ya kupandikiza, zao la msimu uliopita, mbolea na dawa zote ulizotumia. Tanzania unaweza kuelekezwa TARI Tengeru (utafiti wa kilimo), SUA Morogoro (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu). Kenya ni KALRO (utafiti wa kilimo na mifugo) na KEPHIS (ukaguzi wa afya ya mimea). Beba miche miwili: mmoja mgonjwa, mmoja mzima kutoka mstari uleule.